Vipimo vya ubora wa tiba ya mshtuko wa moyo hospitalini: kipi kianze na kipi kifuate

Hospitali inayotaka kujua kama inawahudumia vizuri wagonjwa wa mshtuko wa moyo hukutana mapema na swali la nini kihesabiwe. Mganga mfawidhi hupenda kuhesabu vifo, kwa kuwa hicho ndicho wananchi na wizara watakachouliza. Muuguzi kiongozi wa idara ya dharura hupenda kuhesabu dakika, kwa kuwa yeye ndiye anayeziona zikipotea kati ya mapokezi na kitanda. Watu wa bima huuliza ni wangapi waliorudi wodini kabla mwezi haujaisha. Kila mmoja ana hoja, lakini ni hospitali chache zenye mtu wa kukusanya takwimu hizo zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuchagua ni lazima, na uchaguzi mbaya unaweza kuifanya timu ijivunie kazi ambayo haikuifanya.

Tangu mwaka 1966, wanaopima ubora wa tiba wamekuwa wakitumia mgawanyo wa Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, ambaye alitenganisha mambo matatu: mazingira ya huduma, mchakato wa huduma na matokeo yake. Mazingira ni majengo, mashine na wataalamu, nami sitayakalia, kwa sababu kuwa na mtambo wa Cathlab, yaani wa kuzibulia mishipa ya moyo iliyoziba, hakumwambii mtu ni wagonjwa wangapi waliofikishwa kwenye mtambo huo wakiwa bado wanaweza kuokolewa. Ushindani wa kweli ni kati ya kupima mchakato na kupima matokeo, na baada ya hapo huja suala la takwimu zenyewe kutoka wapi.

Niseme mapema ninakosimama. Kila asilimia ni sehemu yenye kiasi juu na asili chini, kama tulivyofundishwa shuleni. Timu nyingi hubishana juu ya kiasi, yaani nani alipewa dawa, nani alifariki na nani alichelewa. Kosa kubwa zaidi hukaa kwenye asili, yaani nani alistahili kuhesabiwa tangu mwanzo na hakuhesabiwa. Kwa hiyo katika ulinganisho huu kila kipimo nitakiuliza swali hilo hilo.

Kupima mchakato: dawa na dakika

Kipimo cha mchakato huangalia kama jambo linalojulikana kuokoa maisha lilifanyika. Mfano wake mwepesi ni aspirini. Utafiti mkubwa wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988 na kuhusisha wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo vya moyo na mishipa katika wiki tano kwa asilimia 23, streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, peke yake kwa asilimia 25, na zote mbili kwa pamoja kwa asilimia 42. Waliokosa zote mbili walifariki kwa asilimia 13.2, na waliozipata zote kwa asilimia 8.0. Dawa ya bei ndogo kiasi hicho inapoleta tofauti hiyo, kuuliza kama mgonjwa aliipata ni swali la haki kabisa, na jibu lake halihitaji hesabu ngumu: faili linasema alipewa au hakupewa.

Sifa kubwa ya kipimo cha mchakato ni kwamba kinaonyesha pa kushika. Ukigundua kwamba wagonjwa 12 tu kati ya 40 walipimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 tangu kufika, hakuna atakayeuliza afanye nini. Mashine iko ghorofa ya pili na ufunguo anao mtu mmoja, basi mashine ishushwe. Mwaka unaofuata wakiwa 30 kati ya 40, umetoka asilimia 30 hadi 75, na badiliko la ukubwa huo haliwezi kusingiziwa bahati. Tena muuguzi aliyelifanikisha anajiona ndani yake, jambo lisilo dogo katika idara yenye watumishi waliochoka.

Udhaifu wake umeonekana wazi Marekani, nchi iliyopima mchakato kwa muda mrefu na kwa upana. Hospitali za huko zilitangaza hadharani asilimia ya wagonjwa waliopewa aspirini walipofika, waliopewa dawa za beta bloka, zinazoupunguzia moyo kasi na kazi, na waliozibuliwa mshipa ndani ya dakika 90 tangu kuingia mlangoni. Miaka ilivyopita, karibu kila hospitali ikawa inafanya aspirini kwa asilimia inayokaribia mia, na kipimo ambacho kila mmoja anakifaulu hakimsaidii tena anayetaka kuchagua, hivyo baadhi ya vipimo hivyo viliondolewa kwenye orodha ya taifa. Kabla ya hapo, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuwa umeonyesha kwamba vipimo vikuu vya mchakato, vikijumlishwa vyote, vilieleza asilimia 6 tu ya tofauti za vifo vya siku 30 kati ya hospitali na hospitali. Namba hiyo inapaswa kumtuliza yeyote anayedhani kwamba hospitali yenye alama nzuri za aspirini ndiyo yenye wagonjwa wengi wanaopona.

Lakini namba hiyo isisomwe kwa pupa. Haisemi kwamba aspirini haiokoi. Inasema kwamba pale ambapo karibu wote wanaipata, tofauti iliyobaki kati ya hospitali inatokana na mambo mengine, kama vile wepesi wa kutambua ugonjwa, uangalizi wa usiku na namna timu inavyoshirikiana. Katika hospitali ambayo nusu ya wagonjwa hawaipati, kipimo hicho hicho bado kina kazi kubwa.

Kisa cha dakika ni cha aina hiyo hiyo. Kati ya 2005 na 2009, muda wa kati wa Marekani kutoka mlangoni hadi mshipa kuzibuliwa ulishuka kutoka dakika 83 hadi 67, na taarifa iliyotolewa mwaka 2013 ikaonyesha kwamba vifo vya hospitalini havikushuka sambamba. Vilibaki karibu na asilimia 4.8. Wengi walihitimisha kwamba mbio zote zile zilikuwa bure. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa mgonjwa mmoja mmoja, dakika chache ziliendelea kuambatana na vifo vichache. Kilichobadilika ni wagonjwa wenyewe, kwa kuwa miaka ilivyosonga huduma hiyo iliwafikia watu wengi zaidi na kundi lililohesabiwa halikuwa tena lile la mwanzo. Asili ilibadilika na wasomaji walikuwa wakitazama kiasi.

Saa inaanza kuhesabu wapi

Hapa panastahili muda zaidi, kwa sababu vipimo vitatu vinavyofanana jina vinaweza kuipa hospitali moja sura tatu.

Saa ya kwanza huanza mgonjwa anapopita mlangoni. Ndiyo iliyotumika Marekani, ikiwa na lengo la dakika 90 kwa kuzibua mshipa na dakika 30 kwa sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda. Ubaya wake ni kwamba katika kipimo cha dakika 90, wagonjwa waliohamishwa kutoka hospitali nyingine hawakuwemo, ingawa hao ndio mara nyingi waliochelewa kuliko wote. Baadaye kikaongezwa kipimo cha pekee kwa hospitali inayohamisha, kinachouliza mgonjwa alikaa muda gani kati ya kuingia mlango wa kwanza na kutoka, na lengo lake ni dakika 30.

Saa ya pili huanza mgonjwa au ndugu yake anapopiga simu kuomba msaada. Uingereza iliichagua hii katika mpango wake wa taifa wa magonjwa ya moyo wa mwaka 2000, ikilenga dakika 60 kutoka simu hadi sindano, na baadaye dakika 150 kutoka simu hadi kuzibua mshipa. Ni saa ya haki zaidi kwa mgonjwa, kwa kuwa misuli ya moyo inakufa tangu nyumbani na haijui mlango wa hospitali uko wapi. Ila inahitaji huduma ya gari la wagonjwa inayoandika muda wa simu, na pale ambapo wengi huja kwa teksi, bodaboda au gari la jirani, saa hiyo haina pa kuanzia.

Saa ya tatu huanza ECG inaposomwa na ugonjwa kutambuliwa. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2017 iliihesabu hiyo kuwa dakika ya sifuri, ikitaka mshipa uzibuliwe ndani ya dakika 60 katika hospitali yenye uwezo, au dakika 90 kwa aliyehamishwa, na sindano itolewe ndani ya dakika 10 ikiwa kuzibua hakuwezekani ndani ya dakika 120. Kwa daktari ni saa nzuri, maana inapima kile anachokiweza. Kwa timu inayochagua kipimo chake cha kwanza, ningeikataa. Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la mapokezi saa tatu kabla ya kupimwa ECG, kisha akapewa sindano dakika nane baada ya kutambuliwa, anaonekana kwenye takwimu kama ushindi. Miongozo yenyewe inaliziba pengo hilo kwa kutaka ECG ifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa kuonana na mtoa huduma wa kwanza. Hospitali inayochukua sehemu ya pili na kuiacha ya kwanza imejiwekea pazia.

Na kabla ya kuchagua saa, hakikisheni saa zenyewe zinasema lugha moja. Nimewahi kukaa na mafaili ya idara moja ya dharura, ambayo sitaitaja, nikakuta mgonjwa aliyeandikwa mapokezi kwa kalamu "2:10", na karatasi nyekundu ya ECG iliyobanwa nyuma yake imechapwa na mashine "20:34". Muuguzi aliandika kama Mswahili yeyote anavyosema, saa mbili na dakika kumi usiku. Mashine iliandika kwa saa za kizungu. Karani aliyeingiza takwimu kwenye kompyuta hakuuliza, akajaza zote kama zilivyo, na programu ikahesabu ucheleweshaji wa saa 18 na dakika 24. Ucheleweshaji wa kweli ulikuwa dakika 24, nao ulikuwa mrefu kupita lengo, lakini ulizikwa ndani ya namba ambayo kila aliyeiona aliipuuza kwa kujua haiwezekani. Faili lililofuata lilikuwa na kosa la kinyume chake. Hakuna mfumo wa Ulaya au Marekani utakaowaonya kuhusu hili. Andikeni kwa saa 24 kwenye fomu zote, au wekeni visanduku vya "usiku" na "mchana", na mtu mmoja apewe kazi ya kulinganisha saa ya ukutani na ya mashine kila Jumatatu.

Kupima matokeo: vifo

Kipimo cha vifo kina heshima ambayo kingine hakina. Mgonjwa hakuja hospitalini kupata aspirini, alikuja asife. Kipimo hiki pia kinakusanya ndani yake mambo yasiyoweza kuorodheshwa, kama muuguzi wa zamu aliyeona mapema kwamba mapigo yamebadilika, au daktari aliyeamka alipoitwa.

Kwanza ni lazima kuchagua kati ya vifo vya hospitalini na vifo vya ndani ya siku 30. Vya hospitalini ni rahisi kuhesabu, kwa kuwa viko kwenye rejesta ya wodi. Ubovu wake ni kwamba hospitali inayoruhusu wagonjwa mapema, au inayowahamisha walio mahututi, huonekana bora bila kuokoa hata mtu mmoja zaidi. Katika nchi zetu kuna sababu nyingine: familia ikiona hali ni mbaya na gharama zinapanda, huomba kumrudisha mgonjwa nyumbani, na anayefia nyumbani siku mbili baadaye ameandikwa kwamba "ameruhusiwa". Siku 30 zinaondoa mwanya huo, kwa kuwa kila mmoja anahesabiwa kwa muda ule ule popote alipo. Ndiyo maana Marekani ilipoanza kutangaza vifo vya mshtuko wa moyo kwa kila hospitali mwaka 2007, kwa wazee wa miaka 65 na zaidi walio chini ya bima ya Medicare, ilichagua siku 30.

Kisha kuna marekebisho. Hospitali ya rufaa hupokea wagonjwa wazee zaidi, wenye kisukari na figo zilizochoka, na wengine wakiwa tayari shinikizo la damu limeanguka. Kuilinganisha na hospitali ya wilaya bila kurekebisha ni kuiadhibu kwa kupokea wagonjwa. Marekebisho hufanywa kwa hesabu za kitakwimu zinazokadiria vifo vilivyotarajiwa kulingana na umri na hali ya mgonjwa alipofika, kisha vilivyotokea vinalinganishwa na vilivyotarajiwa. Kazi hiyo inahitaji maelfu ya wagonjwa na taarifa zilizoandikwa vizuri, na hapo hospitali moja haiwezi kuifanya peke yake.

Tatizo la uchache nalo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tuseme hospitali imepata wagonjwa 40 kwa mwaka na wanne wamefariki, yaani asilimia 10. Kwa idadi hiyo, kiwango halisi cha hospitali kinaweza kuwa popote kati ya takribani asilimia 3 na asilimia 24. Mwaka unaofuata wakifariki saba, kikao kitageuka kuwa mahakama, watatafutwa wa kulaumiwa, na huenda hakuna kilichobadilika. Marekani yenyewe haitangazi alama ya hospitali yenye wagonjwa chini ya 25, na hata zinazotangazwa, nyingi mno huangukia kundi la zisizotofautiana na wastani wa taifa. Mtu anayetaka kuchagua hospitali anatoka hapo karibu mikono mitupu.

Pale wagonjwa wanapokuwa wengi, kipimo hiki huonyesha jambo ambalo hakuna kingine kingelionyesha. Watafiti walilinganisha Sweden na Uingereza kwa wagonjwa wote waliolazwa kati ya 2004 na 2010, karibu 120,000 upande mmoja na zaidi ya 391,000 upande wa pili. Vifo vya siku 30 vilikuwa asilimia 7.6 Sweden na asilimia 10.5 Uingereza. Baada ya kurekebisha tofauti za wagonjwa, wakakadiria kwamba Waingereza 11,263 wasingekufa kama wangetibiwa kwa namna ya Sweden. Na hapa ndipo vipimo viwili vinapohitajiana: vifo vilisema kuna pengo, lakini ni vipimo vya mchakato vilivyosema pengo liko wapi. Waliozibuliwa mshipa kama tiba ya kwanza walikuwa asilimia 59 Sweden na 22 Uingereza. Walioruhusiwa wakiwa na beta bloka, asilimia 89 dhidi ya 78. Kadiri Uingereza ilivyoongeza huduma ya kuzibua mshipa, pengo la vifo likapungua mwaka hadi mwaka. Ulinganisho huo uliwezekana kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa na rejista ya taifa inayomwandika kila mgonjwa, jambo nitakalolirudia.

Kutangaza vifo hadharani kuna hatari yake, nayo pia iko kwenye asili, yaani nani anahesabiwa. Jimbo la New York limekuwa likitangaza vifo vya upasuaji wa moyo tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kisha likaongeza vya kuzibua mishipa. Mgonjwa aliye katika shoki ya moyo, yaani moyo umeshindwa kusukuma damu ya kutosha mwilini, ambaye anahitaji kuzibuliwa kuliko mwingine yeyote, ndiye pia mwenye uwezekano mkubwa wa kufa mezani na kumharibia daktari alama. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika majimbo matatu yaliyokuwa yakitangaza, ambayo ni New York, Massachusetts na Pennsylvania, wazee wenye mshtuko wa moyo waliozibuliwa mishipa walikuwa asilimia 37.7, na katika majimbo jirani yasiyotangaza asilimia 42.7. Kuanzia mwaka 2006 New York ilikuwa imeshaanza kuwatoa wagonjwa wa shoki katika hesabu inayotangazwa, ili daktari asiogope kuwagusa. Daktari anayeogopa alama humwacha mgonjwa nje ya asili, na mgonjwa huyo haonekani popote kwenye taarifa.

Wanaorudi hospitalini ndani ya siku 30

Kipimo hiki nakipitia haraka. Marekani ilianza Oktoba 2012 kuzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wa mshtuko wa moyo walirudi kulazwa kupita kiasi kilichotarajiwa. Kwa mlipaji kina maana, kwa sababu kila kulazwa upya ni gharama. Kwa timu ya tiba kina kasoro ya msingi: aliyefariki hawezi kurudi, kwa hiyo hospitali yenye vifo vingi inaweza kuonekana nzuri. Na pale ambapo mtu hushindwa kurudi kwa sababu nauli haipo, idadi ndogo ya wanaorudi si habari njema. Nisingekichagua kiwe cha kwanza, wala cha pili.

Wale ambao hawamo kabisa

Vipimo vyote nilivyovitaja vinaanza na mgonjwa ambaye tayari ameandikwa kwamba ana mshtuko wa moyo. Je, kama hakuandikwa?

Watafiti waliokuwa Moshi, kaskazini mwa Tanzania, waliwafuatilia watu wazima waliofika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa wakilalamika maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, wakawapima wote ECG na troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo, na ni wachache sana kati yao ambao daktari aliyewatibu aliuandika ugonjwa huo. Ndani ya siku 30, zaidi ya wanne kati ya kumi wa wagonjwa hao walikuwa wamefariki. Wengi wa aina hiyo huandikwa nimonia, vidonda vya tumbo au shinikizo la damu, na huingia kwenye rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya wa Tanzania, kwa majina hayo. Hospitali ingeweza kuripoti kwamba wagonjwa wake wote wa mshtuko wa moyo walipata aspirini, na taarifa hiyo ingekuwa ya kweli, ikizungumzia wale wachache waliotambuliwa.

Msomaji asidhani hili ni la Afrika peke yake. Uchambuzi wa rejista ya Uingereza kwa wagonjwa wa 2004 hadi 2013 ulikuta kwamba karibu theluthi moja waliandikiwa ugonjwa mwingine mwanzoni, na wanawake walikosewa mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Tofauti ni kwamba Uingereza inaliona kosa lake, kwa kuwa rejista inahifadhi utambuzi wa kwanza na wa mwisho kando kwa kando.

Kipimo kinachotibu upofu huu ni rahisi kuliko vyote, na hakimo kwenye orodha nyingi: kati ya watu wote wenye umri wa miaka 30 na zaidi waliofika wakilalamika kifua au pumzi, ni wangapi walipimwa ECG ndani ya dakika 10? Asili yake ni dalili, wala si utambuzi. Anayekosewa hawezi kupotea, kwa sababu alihesabiwa kabla daktari hajamgusa. Umri wa kuanzia kila hospitali inaweza kuupanga kulingana na wagonjwa wake.

Takwimu zitoke wapi

Fomu za madai ya bima ni nyingi na tayari zipo, lakini ziliandikwa ili kulipwa, hazina dakika, na humsahau asiye na bima. Rejista ya taifa, kama SWEDEHEART ya Sweden au MINAP ya Uingereza na Wales, ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa inaandika muda, dawa na matokeo ya kila mgonjwa. Sweden ina faida zaidi kwa sababu namba ya utambulisho wa raia inaiunganisha rejista na kumbukumbu za vifo, hivyo hakuna haja ya kumtafuta mgonjwa. Rejista kama hiyo ni kazi ya nchi nzima na ya miaka, na hospitali isingoje ije ndipo ianze.

Njia ya tatu ni sampuli ya mafaili. Mafaili 20 kwa mwezi, yakichaguliwa kutoka daftari la mapokezi kwa kufuata dalili na kuruka kwa hesabu moja, mathalani kila la tano, yanatosha kuonyesha kama dakika zinapungua. Hayatoshi kwa vifo, na yeyote atakayeyatumia kwa vifo atakuwa anasoma bahati.

Uchaguzi kulingana na hospitali

Kwa hospitali ya wilaya au mkoa isiyo na mtambo wa Cathlab, ningeanza na ECG ndani ya dakika 10 kwa wote wenye dalili, niongeze aspirini kwa waliotambuliwa, na pale sindano ya kuyeyusha damu ipo, dakika 30 kutoka mlangoni. Baada ya miezi sita ningeongeza muda kati ya kuingia na kuondoka kwa anayepewa rufaa. Kutoka Kigoma au Songea hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni safari inayovuka mbali sana dakika 120, kwa hiyo kwa mgonjwa wa huko sindano ndiyo tiba ya kwanza, na kipimo cha kuzibua mshipa hakimhusu daktari aliye mbele yake usiku huo.

Kwa hospitali yenye mtambo, dakika kutoka mlangoni hadi kuzibua zihesabiwe, lakini waliohamishwa wapewe mstari wao badala ya kuondolewa, na vifo vya siku 30 vihesabiwe tangu mwaka wa kwanza hata kama havitatangazwa. Vikusanywe kwa miaka mitatu kabla ya kuvisoma kama mwelekeo, na wagonjwa wa shoki waonyeshwe peke yao.

Kwa wizara na mifuko ya bima, chaguo ni rejista, na malipo yasifungwe kwenye vifo wala wanaorudi mpaka marekebisho ya hali ya mgonjwa yawe yameaminika.

Familia inayotafuta hospitali haina namba za kusoma. Inaweza kuuliza mambo mawili kabla siku haijafika: kama ECG inafanyika usiku wa manane na nani anaisoma, na kama sindano ya kuyeyusha damu ipo kwenye kabati la dharura au lazima ikanunuliwe duka la nje.

Kwa vifo vya siku 30 mahali pasipo kumbukumbu zilizounganishwa, kinachobaki ni simu. Fomu ya kuruhusiwa iwe na nafasi ya namba mbili, ya mgonjwa na ya ndugu asiyekaa naye nyumba moja, kwa maana simu ya marehemu mara nyingi huzimwa. Anayepiga awe muuguzi aliyemhudumia, aanze kwa salamu na kumtaja mgonjwa kwa jina, aulize hali yake na dawa zake. Asipopatikana kwa siku tatu mfululizo, aandikwe kwamba hakupatikana, na idadi ya wasiopatikana ichapishwe mstari mmoja na idadi ya waliofariki, kwa herufi za ukubwa ule ule.